Kumalizia nyumba kwa mikono yako: moshi, sakafu, madirisha na usalama wa watoto

Fundi amepaua, amelipwa, ameondoka. Kuta zimesimama, bati linang'aa, lakini ndani ni udongo mtupu, madirisha ni matundu yaliyozibwa kwa magunia, na fedha zimekwisha. Hapo ndipo nyumba nyingi za Malambo na vijiji vya jirani zinapokwama, na hapo ndipo mama anapoambiwa, "Tuhamie tu, mengine tutamalizia tukiwa ndani."

Makala haya ni kwa ajili ya mama huyo, na kwa bibi, shangazi au dada anayelea watoto katika nyumba ya namna hiyo. Yanaeleza kazi za umaliziaji unazoweza kuzifanya hata kama hujawahi kushika mwiko, zile zinazomlinda mtoto zaidi, na zile zinazoweza kumdhuru zikifanywa vibaya. Neno lenyewe linachekesha kidogo: kwa mafundi wa mjini "boma" ni jengo ambalo halijakamilika, na kwetu boma ni mji mzima wa familia pamoja na zizi lake. Hapa tunazungumzia boma la fundi lililosimama ndani ya boma letu.

Unajua zaidi ya unavyodhani

Mwanamke wa Kimaasai ndiye mjenzi wa enkaji. Yeye hukata fito, huzikunja, husuka kuta na kuzikandika kwa udongo na samadi, na mvua ikivujisha ni yeye anayepanda juu kuziba. Kwa hiyo ukisikia kwamba huna uzoefu wa ujenzi, usikubali haraka. Kisichozoeleka ni saruji, bati, rangi na kioo. Udongo unaujua. Jambo la kujifunza ni tabia za vitu hivi vipya, kwa sababu baadhi yake huunguza, baadhi ni sumu, na baadhi humaliza fedha bila faida yoyote kwa afya.

Tuanze na nini?

Nikiulizwa na mama mwenye fedha kidogo, jibu langu ni hili: moshi kwanza, sakafu ya chumba wanacholala watoto pili, madirisha yenye wavu tatu, kisha kuta. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Najua wengi huanza kinyume. Ukuta wa mbele unapakwa rangi nzuri inayoonekana kutoka barabarani, huku ndani mtoto analala juu ya vumbi kandokando ya mafiga yanayofuka. Sisemi rangi ni vibaya. Nasema kifua cha mtoto hakiisubiri.

Moshi

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa kupikia ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Mtoto mchanga anayebebwa mgongoni au anayelazwa karibu na moto huvuta moshi ule ule anaouvuta mama, lakini mapafu yake ni madogo na bado yanakua. Nimonia ndiyo hatari kubwa. Macho nayo huwasha na kutoa machozi, na nzi hupenda macho yenye majimaji. Wilaya yetu ya Ngorongoro ni miongoni mwa wilaya ambazo zimesumbuliwa kwa muda mrefu na ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, unaoenezwa kwa mikono, nguo na nzi hao.

Njia rahisi kuliko zote ni kutopikia ndani ya nyumba ya kulala. Jenga jiko la pembeni, hata kama ni kibanda cha fito chenye paa na ukuta upande mmoja wa kuzuia upepo. Kazi hiyo unaiweza kwa siku chache, na vifaa vingi vinapatikana bila kununua. Hakikisha upepo wa kawaida hausukumi moshi kuelekea mlango wa nyumba. Simama pale asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu, washa kijiti, utaona moshi unakwenda wapi kabla hujachimba shimo la nguzo.

Kama lazima upikie ndani, pengine kwa sababu ya wanyama wakali usiku au mvua, basi moshi upewe njia ya kutoka. Jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi husaidia sana. Kule Monduli wanawake wa Kimaasai wenyewe wamefundishwa kufunga majiko ya namna hiyo katika nyumba za wenzao, na huko Kajiado, upande wa Kenya, familia za Kimaasai zilijaribu vikofia vya bati juu ya mafiga vinavyokusanya moshi na kuutoa nje, pamoja na madirisha makubwa zaidi. Bomba linapopita kwenye paa la bati, mwachie fundi anayejua kuziba lisivuje. Linapopita kwenye paa la nyasi au la fito na samadi, usijaribu mwenyewe kabisa: bomba la moto likigusa fito kavu, nyumba inaungua. Bomba pia husafishwa. Masizi yakijaa ndani, moshi hurudi chumbani na utadhani jiko limeharibika.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mtungi wa gesi ukifika kwako na ukaumudu, vizuri. Mpaka siku hiyo, kuni kavu na kibanda cha nje ni dawa nzuri. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi mno; zianikwe.

Jambo moja lisisahaulike unapokandika jiko jipya. Mafiga yakiwa chini kabisa, mtoto anayetambaa huyafikia. Nyanyua jiko, au zungushia ukuta mfupi wa udongo unaofika kiunoni mwa mtoto anayesimama. Mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, hata kama maji ni ya shida. Tumia dumu na kikombe polepole. Usipake dawa ya meno, samadi, majivu wala mafuta. Funika kwa kitambaa safi umlete kituoni.

Jiko la mkaa la kukausha nyumba

Hili nalitenga peke yake kwa sababu linaua kimya kimya. Lipu ikiwa mbichi na nyumba ikiwa na baridi, kuna wazo linalowajia watu wengi: washa jiko la mkaa ndani, funga mlango, ukuta ukauke na watoto wapate joto. Usifanye hivyo. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na haikohozeshi kama moshi wa kuni. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo hayo hayo yanayoitoa, kwa hiyo kungoja moshi uishe hakusaidii kitu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu wote wa nyumba wakiamka na kichwa kinachouma, au mtoto haamki vizuri, fungua mlango, watoe wote nje mara moja, kisha muende kituo cha afya.

Katika vijiji vya juu kama Nainokanoka na Endulen, ambako baridi ni kali kuliko huku kwetu bondeni, hatari hii ni kubwa zaidi. Joto la mtoto litoke kwenye nguo, kofia, blanketi na kifua cha mama. Ukuta utakaushwa na upepo.

Sakafu

Hapa ndipo mikono yako itafanya kazi kubwa, na ndipo faida ni kubwa. Katika jimbo la Coahuila nchini Mexico, kuanzia mwaka 2000, serikali ilizipatia familia maskini saruji ya kufunika sakafu za udongo. Watafiti waliulinganisha mji wa Torreón, uliopata mpango huo, na miji pacha iliyo upande wa pili wa mpaka wa jimbo, ambayo haikupata. Kwa hesabu yao, nyumba iliyobadilishwa sakafu yote ilipunguza maambukizi ya minyoo na vimelea kwa watoto kwa asilimia 78, kuharisha kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Hakuna kidonge kilichogawiwa. Ni sakafu tu. Mtoto anayetambaa hula kilichopo chini, na sakafu ya vumbi huweka mayai ya minyoo, kinyesi cha kuku na mate ya watu wote mahali ambapo maji ya kufagia hayawezi kuyaondoa.

Vumbi pia ni makazi ya funza, ambao wengine huwaita tekenya. Na nyufa za sakafu na kuta za udongo ni makazi ya papasi.

Papasi anahitaji maneno ya ziada. Ni kupe laini anayejificha mchana kwenye nyufa na kutoka usiku kunyonya damu ya aliyelala, kisha kurudi ufani kabla ya mapambazuko. Anaweza kukaa miaka bila chakula, kwa hiyo nyumba iliyohamwa muda mrefu si salama kwa sababu tu ilikuwa tupu. Huambukiza homa ya papasi, homa inayopanda siku kadhaa, inatulia kana kwamba imepona, halafu inarudi. Robert Koch aliichunguza hapa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905, na mwaka huo huo daktari Mwingereza Dutton alifariki huko Kasongo, Kongo, akiwa katika utafiti wa ugonjwa huu. Kimelea chake kinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Nchini kwetu madaktari wa Mvumi, Dodoma, wameueleza sana, hasa kwa watoto wadogo na wajawazito, kwa kuwa huweza kuharibu mimba au kumfikia mtoto tumboni. Kipimo cha haraka cha malaria hakiuonyeshi. Unahitaji damu iangaliwe kwa hadubini, na ni vizuri upimwe homa ikiwa juu.

Basi, sakafu ya namna gani? Kwanza usawa. Sakafu ya ndani iwe juu ya ardhi ya nje kwa inchi 6 au zaidi, maana mvua zetu hazinyeshi mara nyingi ila zikinyesha hushuka kwa wingi kwa muda mfupi, na maji hutafuta mahali pa chini. Kama fundi aliacha ndani pako chini kuliko nje, jaza moramu tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi upana wa kiganja, nyunyiza maji kidogo, shindilia kwa gogo zito mpaka kisigino kisiache alama. Hatua hii ndiyo wasio na uzoefu huiruka, na ndiyo sababu sakafu nyingi za saruji hupasuka ndani ya mwaka mmoja. Saruji haibebi udongo uliolegea.

Ukiwa na fedha za saruji, kipimo cha zege la sakafu ni ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga na ndoo 4 za kokoto. Ndoo iwe moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Chumba cha mita 3 kwa mita 3, zege likiwa la inchi 3, kitakula mifuko 4 hadi 5 ya kilo 50. Maji yawe ya kutosha kufanya mchanganyiko ushikamane, usiwe uji. Uji ni rahisi kusambaza lakini hukauka ukiwa dhaifu na wenye vumbi. Likiwa bado bichi, lisawazishe kwa ubao ulionyooka, kisha piga niru juu yake ili sakafu iwe laini na ipigwe deki.

Kisha mwagilia siku 7. Najua maji yanatoka wapi na punda anatembea saa ngapi. Hata hivyo zege lisilopata maji hubaki unga. Njia ya kubana matumizi ni kutandaza magunia yaliyolowa na kuyafunika kwa nailoni. Unyevu utakaa, na utalowesha tena mara chache tu. Panga kazi hii msimu ambao maji yako karibu, usiifanye mwezi Septemba.

Mchanga wa korongoni uupime kwanza. Weka mchanga kwenye chupa hadi theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, acha utulie saa kadhaa. Tabaka la tope juu ya mchanga likiwa nene, zaidi kidogo ya sehemu moja kwa kumi, uoshe au utafute kwingine. Kuweni waangalifu na mchanga wa sehemu zenye magadi, ambazo si chache kwenye nchi iliyo chini ya Oldoinyo Lengai. Chumvi hutoka baadaye kama unga mweupe kwenye sakafu na ukuta, na rangi hubanduka. Na watoto wasiwafuate wachimba mchanga: kingo za korongo huporomoka.

Kama saruji haipo, usikate tamaa, udongo ukitengenezwa vizuri unafaa. Nchini Rwanda zipo nyumba nyingi ambazo sakafu zake ni udongo ulioshindiliwa, ukasawazishwa kwa tabaka laini la udongo na mchanga, kisha ukapakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa gumu, kiasi kwamba sakafu huoshwa. Bila mafuta hayo bado unaweza kupata sakafu nzuri. Chukua udongo wa kichuguu uliopepetwa, changanya na mchanga mara mbili au mara tatu yake, jaribu eneo dogo kama sinia. Likipasuka, ongeza mchanga. Likimomonyoka ukilisugua, ongeza udongo. Likikauka vizuri, fanya chumba kizima kwa unene wa vidole viwili, likauke polepole bila jua kali, na kila ufa uzibwe siku unapouona. Huna haja ya kungoja ziwe nyingi.

Kuhusu samadi, koko wengi watasema sakafu bila samadi si sakafu. Ni kweli kwamba inashika vumbi. Lakini samadi mbichi ina vijidudu vya kuharisha, na pepopunda hukaa katika udongo na samadi. Kwa hiyo, chumba cha mama anayekaribia kujifungua au chenye mtoto ambaye kitovu hakijapona kisipakwe samadi mbichi. Kitovu kibaki kikavu, bila kupakwa chochote ambacho mkunga wa kituo hajakuambia. Na hakikisha umekamilisha chanjo zako za pepopunda. Anayefanya kazi ya udongo na misumari yenye kutu anazihitaji hata kama hana mimba.

Madirisha, na nafasi kati ya ukuta na paa

Chumba kinachopumua vizuri kina matundu yenye eneo la sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinahitaji dirisha la karibu mita moja kwa mita moja, na ni bora zaidi ukipata mawili madogo kwenye kuta zinazotazamana, ili upepo upite. Hewa ikipita, kikohozi hakizunguki ndani kwa urahisi, na hili ni pamoja na kifua kikuu. Kioo si lazima. Ubao unaofunguka, nondo za kuzuia wanyama na wezi, na wavu wa mbu uliopigiliwa vizuri pande zote vinatosha. Kioo bila uwezo wa kufungua ni urembo tu.

Sasa kuna mgongano ambao lazima uuamue. Mbu wanaoeneza malaria hupenda kuingia kupitia nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Ukiiziba kwa udongo, mbu wanapungua. Lakini kama unapikia ndani, moshi nao unakosa pa kutokea. Mkoa wa Arusha hauna malaria nyingi kama mikoa ya Kanda ya Ziwa, ila watoto wetu wasioizoea wakiipata huugua vibaya, hasa mvua zikizidi. Ushauri wangu ni kuhamisha moto nje kwanza, kisha kuziba nafasi hiyo kwa wavu wa waya badala ya udongo. Hewa ya moto chini ya bati itatoka na mbu hataingia. Huko Magoda, mkoani Tanga, zilijengwa nyumba za majaribio miaka ya 2014 na 2015 zenye kuta zinazopitisha hewa na wavu, na moja ya mambo yaliyotazamwa lilikuwa joto la usiku, kwa sababu watu huacha kulala ndani ya chandarua pale wanapopata joto jingi. Chandarua kinabaki kuwa cha lazima hata baada ya kuweka wavu.

Kuta

Ukuta wa matofali ya saruji au ya kuchoma upigwe lipu ya saruji, ndoo 1 kwa mchanga ndoo 5. Lowesha ukuta kabla, anzia juu kwenda chini, na usifanye eneo kubwa kuliko unaloweza kusawazisha kabla halijashika. Mstari wako wa kwanza hautanyooka. Haidhuru, anzia chumba cha stoo.

Ukuta wa fito na udongo usipigwe lipu ya saruji. Udongo hutanuka na kunywea, saruji haifanyi hivyo, kwa hiyo inaachana na ukuta na kutengeneza mfuko nyuma yake, nyumba safi kabisa kwa papasi na kunguni. Kandika kwa udongo ule ule wa sakafu uliochanganywa na nyasi zilizokatwa fupi, na baadaye upake chokaa. Lengo ni moja: ukuta laini usio na ufa, kutoka sakafuni hadi juu ya kitanda.

Saruji, rangi na sumu

Saruji mbichi huunguza. Inaunguza polepole, ndiyo maana watu huikanyaga kwa miguu mitupu saa nzima wakidhani ni udongo kama udongo mwingine, na jioni ngozi inachubuka. Vaa buti au angalau funga mifuko ya nailoni miguuni, vaa glovu, na ukirukiwa osha kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, ya kwako au ya mtoto, mwagia maji safi dakika 20 bila kungoja gari, kisha uende kituoni. Chokaa vilevile. Watoto wasicheze kwenye rundo la mchanganyiko hata kidogo. Mjamzito asinyanyue mfuko wa kilo 50. Ugawanywe kwenye ndoo ndogo, na kazi ya kuchanganya wapewe vijana.

Rangi ya mafuta iliyotengenezwa vibaya inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo wa mtoto anayeokota vipande na kuvitia mdomoni. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Nunua rangi yenye alama ya TBS na iliyoandikwa kwamba haina risasi. Kwa vyumba vya ndani rangi ya maji inatosha. Usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu, ilowanishe kwanza. Anayepaka asiwe mjamzito, na watoto walale kwingine mpaka harufu iishe.

Dawa ya mchwa, petroli ya kusafishia brashi na oili chafu ya kupaka nguzo visiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto haoni sumu, anaona soda. Akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa. Mlete haraka na chombo chenyewe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isinyunyizwe ndani ya nyumba ya watu eti kwa sababu inaua kupe. Haikutengenezwa kwa chumba ambamo mtoto ananyonya.

Kazi za kumwachia fundi

Kupaua, kufunga umeme au sola kubwa, kubomoa sehemu ya ukuta unaobeba paa, na kuchimba tangi la maji. Mengine yote hapo juu jifunze kwa kufanya, chumba kimoja kimoja. Familia ikishahamia, iishi chumba kilichokwisha, na kinachofanyiwa kazi kifungwe kwa pazia lililolowa ili vumbi lisipite.

Lini umlete mtoto

Mlete siku hiyo hiyo kama anapumua haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi akiwa wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, mara 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 5. Hesabu akiwa ametulia, dakika nzima. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, akidegedeka au asipoamka vizuri, msingoje asubuhi. Kutoka Malambo mpaka hospitali ya Wasso ni mbali, na rufaa huanzia kituo kilicho karibu nawe.

Homa iliyotulia kisha ikarudi, itaje hivyo hivyo kwa mhudumu: ilianza siku gani, ilikoma siku gani, imerudi lini. Mwambie pia mnalala kwenye nyumba ya namna gani na sakafu ni ya nini. Maelezo hayo ndiyo yatakayomfanya aombe damu iangaliwe kwa hadubini, hata kama kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.